Mifupa ya Taveta bado yatafuta majina

TAVETA. Mfanyabiashara anayetoka Voi na mzigo kwenda kituo cha pamoja cha mpakani Taveta-Holili hupita karibu na kilima cha Salaita. Februari 12, 1916, jeshi la Uingereza, wakiwamo wanajeshi wa Afrika Kusini na India, lilijaribu kuwang'oa Wajerumani na askari wao Waafrika hapo, likashindwa. Mwezi uliofuata mapigano yalihamia vilima vya Latema na Reata, na Wajerumani wakaachia Taveta waliyoishika tangu Agosti 1914.

Waliokufa hawakuzikwa kwa heshima sawa. Wazungu waliwekewa mawe yenye majina. Askari na wapagazi wengi Waafrika walibaki bila alama.

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika vita hiyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyo iliomba radhi.

Je, majina hayo yanaweza kupatikana?

Mfupa peke yake hautaji jina. Wataalamu huanza na vilivyo kando yake: kifungo cha sare, beji, kibati cha utambulisho. Hivyo huonyesha kikosi. Kisha hufunguliwa daftari la kikosi kujua nani alipotea mahali hapo. Mwisho, vinasaba vya mfupa hulinganishwa na vya ndugu walio hai.

Kwa mpagazi, kazi hukwama kwenye daftari. Jina lisipoandikwa, hakuna ajuaye aende kijiji gani kutafuta ndugu.

Ndiyo maana wanunuzi wa vyuma chakavu wana nafasi yao. Beji ikishang'olewa penye mifupa na kupimwa kwenye mizani, ushahidi umekwenda. Anayekuta mifupa au vifaa vya vita aviache palepale, kwani kombora la zamani laweza kulipuka, kisha aarifu polisi au Makumbusho ya Taifa ya Kenya; kwa Tanzania, polisi au ofisi ya Mambo ya Kale.

Wazee nao waulizwe mapema nani wa ukoo aliondoka na mizigo ya jeshi asirudi.

Wafanyabiashara hulitaja jeshi hilo la wapagazi kila wanapokwenda kununua bidhaa Dar es Salaam: Kariakoo ni jina lake la Kiingereza lililogeuzwa na ndimi za Waswahili. Soko limehifadhi jina la kikosi; majina ya watu wake bado yanatafutwa.