Sunny, shujaa wa uchawi anayeshindwa kuongea na babake

KAMA umechoshwa na wale mashujaa wa filamu ambao ni matineja kwa jina tu, misuli ya mtu wa miaka 30 na hawaogopi chochote, kuna msichana ninayetaka umjue. Anaitwa Sunny Nwazue.

Sunny ni mhusika mkuu katika riwaya tatu za Nnedi Okorafor, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Nigeria: Akata Witch (2011), Akata Warrior (2017) na Akata Woman (2022). Tunapokutana naye ana miaka 12. Alizaliwa New York lakini sasa anaishi Aba, Nigeria. Ana ualbino, hivyo mchana hutembea na mwavuli, na kandanda, mchezo anaoupenda kama nini, huucheza jioni jua likishazama.

Kisha anagundua kuwa yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye nguvu za uchawi. Hapo ndipo stori inanoga. Kwa Watu wa Chui, kile ambacho wengine hukiita kasoro ndicho chanzo cha kipaji chako. Orlu, rafiki yake, hutatizika kusoma, lakini ni hodari wa kuufumua uchawi wa wengine. Na pesa? Hudondoka kutoka hewani kila unapojifunza jambo jipya. Enyewe, shule kama hiyo nani angeitoroka?

Lakini kilichonishika zaidi ni kwamba uchawi haumalizi shida za nyumbani. Sunny anachomoka usiku kwenda masomo yake ya siri, na asubuhi shule ya kawaida inamsubiri. Kiapo kinamzuia kuwaambia wazazi ukweli. Anathubutu kumkabili muuaji wa watoto, ila mbele ya baba asiyemwonyesha upendo, maneno yanamkauka mdomoni.

Hapo nilijiona. Mimi nina kigugumizi. Shuleni nilijifanya sijui majibu ili nisisimame mbele ya darasa.

Nilipomaliza vitabu hivyo, kigugumizi hakikuwa kimeenda popote. Sunny pia bado ana ualbino. Ila juzi kwenye mkutano, mwalimu alipouliza nani ana swali, niliinua mkono. Nilichukua muda, lakini nilimaliza sentensi.

Anza na kitabu cha kwanza, usiruke.