Maneno Tunayoyala (4): Kuchacha si Kuoza

Juma lililopita tulimalizana na neno "chungu". Leo ni zamu ya "chachu", neno ambalo wengi hulitumia kama ndugu wa "bovu".

Chungwa bichi ni chachu, lakini halijachacha. Sifa "chachu" hutaja ladha tu. Kitenzi "kuchacha" hudai mabadiliko: kitu kilikaa, kikageuka. Maziwa huchacha, uji huchacha. Ndimu imezaliwa na ugwadu wake.

Tazama munkoyo, kinywaji chetu cha Katanga. Uji wa mahindi hupikwa, ukishapoa kidogo hutiwa mizizi iliyopondwa. Mizizi hiyo huulainisha uji na kuutia utamu. Ukali huja baadaye, bakteria wanapoigeuza sukari kuwa asidi. Ukiachwa zaidi, unalevya.

Kwenye mihogo ndiko neno hili linakobeba maisha ya watu. Mihogo michungu ikilowekwa siku tatu au nne hulainika, huchacha, na sumu yake ya sianidi hupungua sana. Ndipo ianikwe, itwangwe, tupate unga wa bukari. Mgeni akinusa maji yale atasema imeoza. Hajui kwamba hatari iko kwa mwenye haraka! Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa wa konzo kule Kwango, unaopoozesha miguu ghafla. Baadaye ulihusishwa na kula mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha.

Kama nomino, "chachu" ni kile kinachoumua unga wa mkate. Kutoka kwa waokaji limehamia kwa wanasiasa, na siku hizi kila mradi ni "chachu ya maendeleo". Usemi huo, kwa maoni yangu, umeshachacha.

Pwani husema bahari imechacha ikichafuka. Sisi wa Kamina, tulio mbali na mawimbi, tunaweza kuiacha maana hiyo. Lakini hapa njia za reli za Lubumbashi, Kananga na Kabalo hukutana, na wageni hawakosi. Ukimsikia kijana wa Dar es Salaam akisema "nimechacha", usimnuse: hana pesa.

Wanaoandika habari za soko, basi, waiite mihogo iliyolowekwa kwa jina lake: imechacha. "Imeoza" ibaki kwa ile ya kutupwa. Juma lijalo tutachambua "kali".