Kuoa, Kuolewa na Kuoana: Sarufi ya Uhuru wa Mhusika wa Kike katika *Wakati Ukuta* na *Rosa Mistika*

Makala haya yanafafanua namna mnyambuliko wa kitenzi *-oa* unavyoweza kutusaidia kuwasoma upya wahusika wawili wa kike wanaofahamika sana katika fasihi ya Tanzania: Tatu wa tamthilia ya *Wakati Ukuta* ya Ebrahim Hussein (1970) na Rosa wa riwaya ya *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971). Wote wawili wanatafuta uhuru wa kujiamulia pamoja na mapenzi ya kweli. Darasani, aghalabu husomwa kama onyo kwa wasichana. Usomaji huo unaficha swali la msingi: nani mtenda katika maisha yao?

Katika Kiswahili, mwanamume huoa, wazazi huoza, na mwanamke huolewa. Kauli ya kutenda ni ya mume, ya kutendesha ni ya mzazi, na mke hubaki katika kauli ya kutendwa. Mgawanyo huu hauishii vitabuni. Mitaani Kinondoni na Temeke, kusema kwamba mwanamume fulani "ameolewa" ni kumsimanga kuwa anaishi kwa mkewe na kutunzwa naye. Msichana anayeishi na mwanamume bila ndoa naye husemwa "amewekwa kinyumba", yaani bado ni mtendwa. Kauli ya kutendana, *-oana*, ndiyo inayowaweka wawili hao pamoja katika nafasi ya kiima.

Tatu anataka *kuoana*. Anagongana na mama yake, anayeona kwamba matembezi ya binti na kijana yanavunja heshima ya nyumba, kisha anaungana na Swai. Ndoa yao haidumu. Je, Tatu ameadhibiwa? Jina la tamthilia linatokana na methali isemayo kuwa wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Kiambishi *u-* cha nafsi ya pili hakimtaji mpiganaji. Anaweza kuwa binti anayetaka kuutangulia wakati, au mama anayetaka kuuzuia. Kumbebesha Tatu peke yake methali hiyo ni uamuzi wa msomaji, si wa sarufi.

Kwa Rosa, Zakaria, baba yake, anachukua nafasi yote ya mtenda. Barua ya kijana inamletea binti kipigo. Rosa anapofika shuleni, na baadaye chuo cha ualimu, hana mazoea ya kukubali wala kukataa kwa hiari yake. Anapompata mchumba, anapimwa kwa ubikira na kuachwa, mwisho anajiua. Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku shuleni, ilhali inaonyesha wazi kwamba ukali wa mzazi ulimzoeza Rosa kutendwa.

Muktadha wa kihistoria unaipa hoja hii uzito. Azimio la Arusha la 1967 lilieneza nchini neno *kujitegemea*, lenye kirejeshi *-ji-* kinachomfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilidai ridhaa ya hiari ya wote wawili. Hata hivyo, kifungu cha 13 kiliweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kifungu cha 17 kikamtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ilithibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Hivyo basi, inapendekezwa kwamba mwanafunzi anapowahakiki Tatu na Rosa, aorodheshe kwanza vitenzi vinavyowahusu na kubainisha nani anashika nafasi ya kiima. Pale ambapo mhusika hakupewa nafasi ya kutenda, si haki kumtwisha yeye peke yake lawama ya kilichotendeka.