Saa 12:21 na Ubishi wa 196

Ndani ya daladala, jua la utosi, mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alinigusa bega akanionyesha simu yake. "Mwanangu, kila nikiishika nakuta hivi. Ni ishara ya nini?" Kioo kilisoma 12:21.

"Kwani sasa hivi ni saa ngapi, mama?"

"Saa sita na dakika ishirini na moja."

Basi ni 6:21, na ishara imeyeyuka. Alicheka, lakini hakuirudisha simu mkobani mpaka dakika ilipogeuka.

Namba inayosomeka vilevile ukianzia kushoto au kulia wanahisabati huiita palindromu. Zinavutia, sikatai. Zidisha 11 kwa 11 upate 121. 111 kwa 111 upate 12321. 1111 kwa 1111 upate 1234321. Tarakimu zinapanda ngazi na kushuka kwa adabu. Ila ulinganifu huo umo katika maandishi, haumo katika idadi yenyewe. Trei yenye mayai 22 ina palindromu, lakini andika idadi hiyohiyo kwa mfumo wa kompyuta, wenye 0 na 1 tu, utapata 10110. Ongeza mayai matano: 27 si palindromu kwetu, kwa kompyuta ni 11011.

Tarehe nazo ni hivyohivyo. Jumanne ya 22/02/2022 watu walitumiana picha za kalenda kana kwamba mbingu imefunguka. Mmarekani, anayetanguliza mwezi, aliandika 02/22/2022, na ulinganifu ukavunjika. Kwa kalenda ya Kiislamu ulikuwa mwezi wa Rajabu, mwaka 1443.

Pwani yetu ina elimu yake ya zamani ya namba. Katika abjadi kila herufi ya Kiarabu ina thamani: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, na kuendelea. Bismillahi yote kwa hesabu hiyo ni 786, ndiyo maana namba hiyo huonekana juu ya barua na milango ya maduka. Wenye falaki hujumlisha jina la mtu na la mama yake, wakagawanya kwa 12, na baki ndiyo nyota yake. Hesabu yenyewe ni safi. Tatizo langu ni herufi. Ali kwa abjadi ni 70 na 30 na 10, jumla 110. Mwandike kwa herufi za Kirumi, A ikiwa 1, L 12, I 9: anakuwa 22. Ni Ali yuleyule, mwenye mama yuleyule.

Lakini lipo fumbo la kweli humuhumu, na halihitaji ubani. Chukua namba yoyote, igeuze, jumlisha, rudia. 57 na 75 ni 132. 132 na 231 ni 363, palindromu tayari. Nyingi hukubali upesi namna hiyo. Sasa jaribu 196. Na 691 ni 887. Na 788 ni 1675. Na 5761 ni 7436. Na 6347 ni 13783. Endelea tu.

John Walker, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Autodesk, aliiachia kompyuta kazi hiyo mwaka 1987. Ilipofika Mei 1990 ilikuwa imejumlisha mara 2,415,836, na namba ilikuwa na tarakimu milioni moja. Palindromu haikutokea. Waliomfuata walikwenda mbali zaidi, nao wakarudi mikono mitupu. Namba kaidi za aina hii zinaitwa Lychrel, jina alilolitunga Wade VanLandingham kwa kuvurugavuruga herufi za Cheryl, mpenzi wake.

Kinachoniuma ni hiki: katika mfumo wa 0 na 1, imethibitishwa kwamba 10110, yaani yale mayai yetu 22, haitafika kwenye palindromu hata ijumlishwe milele. Katika mfumo wetu wa kumi hakuna aliyeweza kuthibitisha hivyo kwa 196, wala kwa namba nyingine yoyote. Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, na wasomi wamekwama.

Umeme ukikatika jioni, iache 196. Anza na 89. Hatua 24 zitakufikisha 8,813,200,023,188. Ukipata kingine, kuna mahali umesahau kubeba moja.