Fundi wa Mafumbo, Msikilize Mnunuzi

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo mama anaweza kuzifanya akiwa nyumbani, kutengeneza mafumbo ya mbao hakutajwi mara nyingi. Tunasema juu ya yale mafumbo ambayo picha hubandikwa kwenye ubao mwembamba, ubao ukakatwa vipande vipande, na mchezaji akatakiwa kuvirudisha mahali pake. Kukata kwenyewe ni kazi ya kujifunza kwa majuma machache. Ugumu uko katika kujua ukate namna gani, na hilo, akina mama wenzetu, hatufundishwi na msumeno. Tunafundishwa na wanaonunua.

Mafumbo haya yalianza kama chombo cha kufundishia. Katika miaka ya 1760 mchora ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya mbao na kuzikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa mikono yao. Lady Charlotte Finch, aliyekuwa mlezi wa watoto wa Mfalme George III wa Uingereza, aliwafundisha kwa ramani za namna hiyo.

Baadaye watu wazima nao wakayapenda. Mwaka 1908 Marekani ilishikwa na homa ya mafumbo ya mbao, ingawa fumbo la vipande 500 liliuzwa kama dola 5, na mfanyakazi wa kawaida alipata kama dola 50 kwa mwezi. Hebu fikiri, dada, kulipa sehemu ya kumi ya mshahara kwa mchezo! Tena vipande vya wakati ule havikushikana. Vilikaa tu kando kwa kando. Mtu akipiga chafya, au mtoto akiigonga meza, kazi ya jioni nzima ilivurugika.

Mwaka 1909 kampuni ya Parker Brothers iliacha michezo yake mingine kwa muda ili itengeneze mafumbo tu. Wakataji wake wengi walikuwa wanawake, kwa kuwa msumeno wa kanyagio haukuwa mbali sana na cherehani. Hao ndio waliokata vipande vyenye shingo na vichwa vinavyonasana, na vingine vyenye umbo la mnyama au chombo. Chafya ikakosa nguvu.

Lakini lipo jambo ambalo halikuondolewa. Boksi halikuwa na picha ya kutazamia, na fundi alikata kwa kufuata mstari ambapo rangi moja inakutana na nyingine, hata ukawa na kipande cha paa na kipande cha mbingu visivyo na dalili kwamba ni majirani. Ugumu huo wanunuzi waliufurahia, na waliulipia.

Walioelewa vizuri zaidi tofauti hii ni Frank Ware na John Henriques wa New York. Mwaka 1932, nchi ikiwa katika dhiki kubwa ya uchumi na wao hawana kazi, walianza kukata mafumbo kwenye meza ya chakula. Wakati huohuo mafumbo ya karatasi ngumu yaliyopigwa kwa mashine yalikuwa yakiuzwa kwa senti 25 tu. Kwa bei wasingeweza kushindana. Wakawafuata wanunuzi wao: huyu akataka jina lake likatwe ndani ya fumbo, yule tarehe ya kuzaliwa ya mkewe. Waliotaka kuteswa zaidi walikatiwa kingo zisizonyooka, ili ile njia ya kuanza na pembe isiwafae, tena wakapewa jina la fumbo lenye kuwapoteza. Kazi yao, iliyoitwa Par, ikawa ghali na ikatafutwa na watu wakubwa.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo fundi mwanafunzi anapojikwaa. Anasikia “fumbo lako gumu” naye anakimbilia kulirahisisha. Kwanza aulize: ni ugumu gani? Kipande kisichoingia bila kugongwa ni kosa la fundi, na lirekebishwe leo hii. Kipande kilichomtafutisha mtu nusu saa, kisha akakipata na kucheka, kiachwe kama kilivyo.

Kwa mtoto mdogo, asiyejua kueleza, tazama mikono. Daktari Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto huko Roma mwaka 1907, aliviondoa vifaa ambavyo watoto walivipuuza na kubakiza vile walivyovirudia wenyewe. Kimoja kilichobaki ni gogo lenye matundu kumi na vipande kumi vya mviringo vyenye vishikio. Ukikosea kimoja, mwishoni kinabaki kipande kisicho na tundu lake. Mtoto analiona kosa mwenyewe, wala mwalimu hana haja ya kumkaripia. Lakini kwa aliye chini ya miaka mitatu usikate kipande kinachoweza kupita katika tundu la upana wa sentimita 3 hivi, ataweza kukimeza.

Basi ukimaliza fumbo jipya, mpe jirani, ukae pembeni na ushonaji wako, unyamaze. Unyamaze kweli, maana ulimi utakuwasha. Angalia anaposukuma kwa nguvu, anapogeuza kipande mara nne, anapokiweka chini na kuomba chai. Akimaliza usimwulize kama amelipenda, kwa sababu atakujibu kwa adabu. Mwulize amekwama wapi. Majibu yaandike nyuma ya mchoro uliokatia, ubadilishe jambo moja tu katika fumbo linalofuata. Ukibadilisha matatu hutajua lipi lililosaidia. Na usiridhike na mtu mmoja, kwani mwenye subira na mwenye haraka hawalalamikii kitu kimoja.

Lalamiko utakalolisikia kuliko yote ni la kipande kilichopotea. Mwambie mteja alete fumbo lililobaki. Liunganishe, uliweke juu ya ubao wa unene uleule, uchore ukingo wa tundu kwa penseli iliyochongwa sana. Kata nje kidogo ya mstari, kisha piga msasa kidogo kidogo, ukijaribu kila mara, mpaka kiingie kwa kidole kimoja.