Wesley Brown, mhitimu wa 370

Juni 1949, vijana 790 walihitimu katika Chuo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani kule Annapolis. Aliyeshika nafasi ya 370 alikuwa Wesley Brown, kijana mweusi kutoka Washington. Chuo kilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Weusi watano waliwahi kuingia kabla yake, na wote waliondoka bila kuhitimu.

Brown naye alionja ubaguzi. Baadhi ya wenzake darasani walikataa kuketi karibu naye, wakamtukana kichinichini, wakamnyima nafasi kwenye kwaya. Wanafunzi wa madarasa ya juu walimrundikia alama za makosa ya kusingiziwa, wakijua kwamba zikizidi mtu hufukuzwa. Chumbani aliishi peke yake. Lakini wapo waliopita kumjulia hali na kumsihi asikate tamaa, na katika timu ya mbio za nyika alikimbia na Jimmy Carter, mtoto wa mkulima wa Georgia aliyekuja kuwa rais, ambaye alimtia moyo. Mwanafunzi aliyetengwa hasahau nani alimsalimia.

Wengi humkumbuka kwa miaka hiyo minne tu. Naona wanampunja. Brown alikuwa mhandisi, na kwa miaka 20 jeshini alijenga: nyumba Hawaii, barabara Liberia, gati Ufilipino. Alikuwa pia na mkono katika mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa kwenye kambi ya Guantanamo, ambayo Cuba iliikatia maji mwaka 1964. Alistaafu mwaka 1969 akiwa Luteni Kamanda, na baadaye akapanga majengo ya Chuo Kikuu cha Howard hadi 1988.

Mwaka 2008 chuo chake kiliipa jumba kubwa la michezo jina lake, naye akiwa hai kuliona. Alifariki Mei 2012, akiwa na miaka 85.

Mimi nathamini zaidi kazi yake ya uzeeni. Huwezi kuingia Annapolis bila kupendekezwa, na mara nyingi anayependekeza ni mbunge; Brown mwenyewe alipendekezwa na Adam Clayton Powell, mbunge wa Harlem. Alipostaafu, aliongoza jopo la Eleanor Holmes Norton, mwakilishi wa Washington bungeni, lililowachuja vijana wa jiji hilo waliotaka kwenda vyuo vya kijeshi. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akisoma maombi yao.