Je, Wajua? Gamba Moja, Samaki Wawili

Katika Ziwa Tanganyika, linalopiga mawimbi ufukweni Uvira, dume na jike wa Neolamprologus brevis hukaa pamoja ndani ya gamba moja tupu la konokono. Kwa hiyo tangi dogo la kioo huwatosha: mchanga, magamba machache, na maji magumu yenye pH karibu 9 kama ya ziwa lenyewe.

Wapo watakaosema uduvi ni wapole, waongezwe. Upole hauwaokoi, kwani samaki hawa hula wadudu na viumbe wadogo wa majini. Samaki mwingine, brichardi, naye anapendeza mno. Watoto wake waliotangulia huwalinda wadogo zao! Lakini ukoo huo ukizaana tangini, wageni hushambuliwa hadi kufa.